EAC na draivu ya USB: kuhamisha CD za kabatini ukiwa Mwanza

Makabati mengi ya sebuleni Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Buhongwa, bado yamebeba marundo ya CD: kwaya, taarabu, dansi, rumba ya Kongo, bongo fleva ya zamani, na nyimbo za Kisukuma ambazo huzikuti popote mtandaoni. Deki iliyokuwa ikizipiga imekufa, laptopu za siku hizi hazina mahali pa kuingiza CD, na kila masika yakipita ukungu unazidi kwenye makasha.

Kinachopitiwa hapa ni Exact Audio Copy, wengi huiita EAC tu, ikitumika na draivu ya nje ya USB. Ni programu ya Windows ya kuhamisha muziki wa CD kwenda kwenye kompyuta, iliyoandikwa na Mjerumani Andre Wiethoff, na ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Kwa kazi yenyewe tunaipa 9 kati ya 10. Kwa urahisi wa kutumia tunaipa 5, na hata hiyo 5 ina huruma ndani yake. Jambo la kujua mapema ni kwamba ilitengenezwa kwa kumfikiria mtu mwenye CD za Ulaya na Marekani. Sifa yake inayopigiwa debe kuliko zote humsaidia kidogo mwenye kabati la Mwanza, na ile ambayo wengi huiruka ndiyo atakayoishi nayo.

Kwa nini usikopi tu

Ukiingiza CD ya muziki kwenye kompyuta ya Windows utaona faili za .cda, moja kwa kila wimbo. Watu huzivuta kwenye flashi, wakifika nyumbani sabufa inanyamaza. Kila .cda ina baiti 44 tu: ni kibao kinachoonyesha wimbo unaanzia wapi, wimbo wenyewe haumo. CD ya muziki haina faili. Ni mkondo mmoja mrefu wa sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, biti 16 kila moja, uliokatwa katika sekta 75 kwa sekunde.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Sekta ya CD ya data ina baiti 2,048 za data, na nafasi inayobaki ina ulinzi wa ziada wa kusahihisha makosa. Sekta ya muziki ina baiti 2,352 na zote ni muziki. Ulinzi huo wa ziada haupo. Mkwaruzo ukiishinda ngazi ya kwanza ya usahihishaji, draivu hukisia sampuli iliyopotea kwa kuangalia majirani zake, na haisemi chochote. Ukitumia programu ya kawaida unapata wimbo unaocheza vizuri hadi dakika ya tatu, kisha "tk!", na hukuonywa popote.

EAC katika hali yake ya usalama husoma kila sekta angalau mara mbili na kulinganisha. Zikitofautiana inarudia kwa mafungu ya mara 16, ikitaka majibu 8 yanayofanana ndipo iridhike. Sekta mbaya kabisa inaweza kusomwa mara 82 kabla ya programu kukata tamaa, na ikikata tamaa inakuandikia ni dakika na sekunde ipi. Ripoti hiyo peke yake inatosha kuichagua.

Draivu

Draivu nyembamba za USB zinapatikana kwenye maduka ya kompyuta katikati ya mji. Kabla ya kulipa, angalia mambo mawili. La kwanza ni waya. Draivu hizi hunyonya umeme mwingi zinapoanza kuzungusha CD, wakati tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500 na la USB 3.0 miliampea 900. Draivu ikitoa mlio wa "tik-tik", ikazima na kuonekana tena kwenye kompyuta, usikimbilie kusema ni mbovu: hamishia tundu la bluu (la USB 3.0), achana na habu isiyo na umeme wake, au tumia waya wenye vichwa viwili vya USB. La pili ni jina. Draivu yenye modeli inayosomeka ndani ya kompyuta ni rahisi kuipangia EAC kuliko ile isiyo na jina lolote.

Ushauri ambao muuza duka hatakupa: draivu pana ya ndani, ile ya inchi 5.25 iliyong'olewa kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, mara nyingi husoma CD zilizochakaa vizuri kuliko nyembamba mpya. Fundi yeyote wa kompyuta anazo kwenye boksi la vipuri. Utahitaji adapta ya SATA kwenda USB yenye umeme wake wa volti 12, maana USB pekee haiwezi kuizungusha. Haipendezi mezani, lakini inasoma.

Vumbi ni adui kuliko unavyodhani, na jioni kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa kwa maelfu. Usiache draivu ikiwa imefunguka usiku chini ya balbu huku dirisha liko wazi. Mmoja akiganda juu ya lenzi, draivu nzima inaanza "kuugua". Lenzi husafishwa kwa kijiti cha pamba chenye spiriti safi ya isopropili, tone moja, bila kukandamiza.

Panga CD kwanza

Kazi hii hairukwi, kwa sababu nusu ya CD za kwetu si CD za muziki. Zigawe hivi.

CD za kiwandani zina mgongo wa fedha mtupu. Hizi ndizo EAC inazipenda. CD za kuchoma zina mgongo wa kijani, bluu au dhahabu iliyopauka. Humo muziki umeandikwa kwa leza kwenye rangi, na rangi hiyo huharibiwa na jua na joto. Iliyokaa miaka kwenye dashibodi ya gari tarajia ikusumbue, hata kama haina mkwaruzo hata mmoja. Anza na hizi, leo, kwa sababu za kiwandani zinaweza kusubiri na hizi hazisubiri.

CD za MP3, zile zenye nyimbo mia na kitu kwenye CD moja, ni data. EAC haihusiki: fungua, kopi faili, basi. Usizigeuze kuwa FLAC, faili inayobana muziki bila kupoteza chochote, eti ubora uongezeke. Kilichokatwa wakati wa kutengeneza MP3 hakirudi, utajaza diski bure.

Halafu kuna VCD, na hizi ni nyingi kuliko watu wanavyokumbuka, kwa sababu kwaya na wasanii wengi waliuza video. Ndani yake kuna folda ya MPEGAV yenye faili za .DAT. VLC huzipiga moja kwa moja. Ukitaka sauti tu, tumia ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, hivi:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -vn -c:a copy wimbo.mp2

Hiyo inatoa sauti ilivyo bila kuipunguza, kwa kawaida kilobiti 224 kwa sekunde. Sabufa ikikataa .mp2, tengeneza nakala ya MP3 pembeni na ile ya kwanza uitunze.

Kuipangia EAC

Mara ya kwanza programu inafungua dirisha la maswali. Chagua usahihi badala ya kasi, chagua FLAC, kisha usiamini kwamba imemaliza. Bonyeza F10, mipangilio ya draivu, na uhakikishe mwenyewe.

Hali ya usomaji iwe ya usalama. Weka tiki kwenye kisanduku kinachosema draivu ina kache. Draivu nyingi zinayo, na usipoiambia EAC, ule usomaji wa mara ya pili unaletwa kutoka kwenye kumbukumbu ya draivu badala ya CD yenyewe. Mwanafunzi anasahihisha mtihani wake mwenyewe. Kisanduku cha C2, taarifa ya makosa inayotolewa na draivu, kiache wazi hata kama kitufe cha kutambua kinasema draivu inaiweza. Draivu za bei nafuu husema "hakuna kosa" mahali penye kosa, na EAC ikizisadiki, inaacha kusoma mara mbili. Utaenda polepole zaidi bila C2. Nenda polepole.

Kuhusu ofseti, watu hubishana usiku kucha. Kila draivu huanza kusoma mbele au nyuma kidogo ya mahali sahihi, na modeli nyingi za LG zinahitaji marekebisho ya sampuli +6. Sampuli sita ni kama sehemu 1 ya 7,000 ya sekunde. Hakuna sikio linalosikia hilo. Ofseti ina maana pale unapotaka kulinganisha nakala yako na za wengine kwenye hazina ya mtandaoni ya AccurateRip, na hilo linafuata. Ukiwa na CD moja ya kiwandani ya msanii maarufu wa kimataifa, iingize na EAC itajipima yenyewe. Usipokuwa nayo, tafuta modeli ya draivu kwenye orodha ya AccurateRip na uandike namba kwa mkono.

Kwenye F9, mipangilio ya jumla, zima usawazishaji wa sauti kama umewashwa. Ukitaka nyimbo zilingane sauti, kichezeo kifanye kazi hiyo wakati wa kupiga. Usiibadilishe nakala yenyewe. Jina la faili liwe %tracknr2% - %title% ili namba ya wimbo ianze, na utaona baadaye kwa nini.

Sifa isiyokufaa, na inayokufaa

AccurateRip ni wazo zuri sana. Watu duniani kote wanahamisha CD ileile, matokeo yao yanakusanywa kama namba za ukaguzi, na yako ikilingana na za wengine unajua umepata kila biti. Kwa CD iliyouzwa kwa wingi Ulaya inafanya kazi kama uchawi. Weka CD ya kwaya iliyotolewa nakala chache Mwanza, na EAC itakuambia kwamba haimo kwenye hazina. Hilo si kosa. CD yako haina tatizo, draivu haina tatizo. Ni kwamba hakuna mwingine aliyeipeleka. Tumeona watu wakifuta nakala nzuri kabisa na kuanza upya kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Kwa CD kama hizo ushahidi wako ni kitufe cha F6, au Shift pamoja na F6 kama unataka FLAC moja kwa moja. Hapo EAC husoma wimbo wote mara ya kwanza bila kuhifadhi na kutoa namba ya ukaguzi, kisha husoma tena na kuhifadhi, na kutoa namba ya pili. Namba mbili zikiwa sawa, usomaji mbili kamili umekubaliana biti kwa biti. Zikitofautiana, wimbo huo una shaka hata kama unasikika safi.

Muda unakuwa mara mbili, na hapa lazima uwe mkweli na ratiba yako. CD safi ya dakika 60 kwenye draivu nyembamba huchukua dakika 8 hadi 15 katika hali ya usalama. Kwa F6 hesabu dakika 15 hadi 30. Kabati la CD 100 ni saa 25 hadi 50. Fanya kwa laptopu yenye betri nzima, maana umeme ukikatika katikati, wimbo uliokuwa ukisomwa unabaki nusu. Nyimbo zilizokwisha ziko salama, kwa hiyo huanzi CD upya: futa ile ya nusu, chagua zilizobaki, endelea.

Soma ripoti kwa makini kidogo. Ubora wa wimbo ukiandikwa asilimia 99.8, maana yake ilibidi kurudia mahali fulani ikafaulu. Hauna dosari. Cha kuogopa ni mstari unaotaja mahali pa kutiliwa shaka, wenye dakika na sekunde. Nenda pale usikilize kwa hedifoni.

Zinazogoma

CD husomwa kutoka katikati kwenda nje. Nyimbo za mwanzo zikipita na mbili za mwisho zikagoma, tatizo liko ukingoni, mahali vidole hushika. Osha kabla ya kufikiria kingine: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa laini, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Kuzungusha kunatengeneza mikwaruzo inayofuata njia ya muziki, na hiyo ndiyo draivu isiyoiweza. Mkwaruzo unaokata njia mara nyingi husahihishwa. Suuza kwa maji safi, kausha kivulini. Petroli, thina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha visikaribie, plastiki ya CD inapauka papo hapo.

Dawa ya meno? Kwa mkwaruzo mdogo wa upande wa chini inaweza kusaidia, kwa sababu inasugua plastiki. Iwe njia ya mwisho, nyeupe ya kawaida, na kwa mwelekeo uleule wa katikati kwenda nje. Upande wa juu, wenye maandishi, hauna dawa. Tabaka la muziki liko sehemu ndogo tu ya milimita chini ya wino, wakati upande wa chini una zaidi ya milimita moja ya plastiki kulilinda. Inua CD kuelekea jua: ukiona vitundu vya mwanga vimepenya, muziki wa mahali hapo umekwenda. Stika ya karatasi iliyobandikwa juu na kuanza kuinuka usiibandue, inang'oka na tabaka lenyewe. Ikate ukingo ulioinuka kwa mkasi ili isigonge draivu.

Ikibaki kugoma, punguza kasi hadi 8x au 4x kwenye F10. CD za kuchoma zisizo na uwiano hutetemeka kwa kasi kubwa na leza inapoteza njia. Ikigoma tena, jaribu draivu nyingine kabla ya kuitupa. Draivu mbili huona CD moja kwa macho tofauti, na hii ndiyo sababu ya kuwa na ile ya mtumba kando. EAC ina tabia ya kung'ang'ania sekta mbovu hata saa nzima. Usiiache usiku kucha, unaua mota ya draivu kwa ajili ya sekunde mbili za makofi. Simamisha, ruka wimbo, rudi baadaye.

Majina

CD za nje zitajijaza majina zenyewe ukiwa na bando. Za kwetu utaandika kwa mkono, na afadhali hivyo. Hatari ni programu kukuletea majina ya CD nyingine yenye idadi na urefu wa nyimbo unaofanana: kwaya ya Kilutheri inageuka kuwa albamu ya Kijerumani. Soma kabla ya kukubali. Amua mapema tahajia moja ya jina la kila bendi au kwaya, "A.I.C.", "AIC" na "Aic" zitakuwa kwaya tatu tofauti kwenye simu. Piga picha kasha mbele na nyuma na uziweke kwenye folda ileile, maana majina ya wapiga gitaa na studio hayapo mahali pengine.

Kupiga

FLAC ya CD ya dakika 60 ni kama megabaiti 350 hadi 420, kutoka 635 za asili, bila kupoteza chochote. CD 200 zinachukua gigabaiti 70 hadi 84, kwa hiyo diski ya nje ya gigabaiti 500 inatosha na chenji inabaki. Kiwango cha mgandamizo cha 5 kinatosha. 8 kinaokoa kidogo sana. Nunua diski mbili kama mfuko unaruhusu, moja ikae nyumba nyingine.

Sabufa nyingi za mtaani hazisomi FLAC. Kwa hizo tengeneza MP3 kutoka kwenye FLAC kwa programu za bure foobar2000 na LAME, kiwango cha V0, wastani wa kilobiti 245 kwa sekunde. Saa moja ya muziki inakuwa kama megabaiti 110. Usitengeneze MP3 kutoka MP3.

Flashi iumbizwe (format) kwa mfumo wa FAT32. Sabufa nyingi hazipangi nyimbo kwa jina, hupiga kwa mpangilio zilivyoingia kwenye flashi. Ukivuta folda zima zima, wimbo wa saba unaweza kuwa wa kwanza. Zifute, zipange kwa jina kwenye kompyuta (hapo ndipo namba ya mwanzo inapolipa), kisha uzikopi folda moja baada ya nyingine. Ikiwa bado zimechanganyika, kuna programu ndogo ya bure, DriveSort, inayopanga upya orodha ya flashi yenyewe bila kugusa nyimbo.